Kwa nini jina la Pontio Pilato limo ndani ya Kanuni ya Imani? (Uzi mrefu kwa wanaopenda hoja)

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye dini na wasio na dini.

Uzi huu ni mrefu. Atakayechoka apumzike, akirudi ataukuta. Nimeshiriki mijadala ya dini miaka mingi upande wa kutetea Ukristo, na kinachonisumbua ni kwamba karibu kila mjadala unaanzia pasipofaa. Tunashindania dini ipi ina maadili mazuri, ipi ina wafuasi wengi, ipi imemwaga damu kidogo. Kila upande una mifano yake, kelele zinapanda, matusi yanaanza, uzi unafungwa. Leo naomba tuanzie kwingine, kwa Mrumi mmoja ambaye hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa.

Wakristo wakikiri imani yao ibadani husema Yesu aliteswa "zamani za Pontio Pilato". Wakatoliki husema "kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato". Nilikuwa nayakariri maneno hayo tangu utotoni bila kujiuliza lolote. Siku moja katikati ya ibada likanijia swali: huyu liwali anatafuta nini humu? Petro hayumo. Paulo hayumo. Musa na Ibrahimu hawamo. Ukimwondoa Yesu mwenyewe, Kanuni ya Imani inataja binadamu wawili tu kwa majina: Mariamu aliyemzaa, na Pilato aliyetoa amri auawe.

Jibu ni kwamba Pilato yumo kama tarehe. Alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Wazee wa Kanisa walipoliweka jina lake kwenye ungamo walikuwa wanasema: jambo hili halikutokea "hapo zamani za kale". Lilitokea mjini, chini ya ofisa anayejulikana, mbele ya watu. Nenda kaulize.

Mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wakifukua ukumbi wa maonyesho wa Kirumi pale Kaisaria, pwani ya Bahari ya Mediterania. Wakakuta jiwe la chokaa lililokwisha kutumika tena kama kidato cha ngazi. Upande wa kushoto umelika, herufi za mwanzo hazipo, lakini mstari wa pili bado unasomeka: TIVS PILATVS. Chini yake kuna mabaki ya cheo chake, mtawala wa Uyahudi. Mtu aliyelichonga hakuwa na haja ya kumthibitishia yeyote Biblia. Alikuwa anamsifu Kaisari Tiberio.

Sasa hoja yangu ndiyo hii. Linganisha Ukristo na dini nyingine kwa swali moja: ukiondoa tukio moja la kihistoria, dini inabaki au inaanguka?

Mafundisho ya Buddha kuhusu mateso, chanzo chake na njia ya kuyamaliza hayategemei alikufa vipi. Yakiwa kweli, ni kweli hata kama angeyasema mtu mwingine. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anasema kwamba kila haki inapofifia naye hujidhihirisha, zama baada ya zama. Kwa hiyo ujio mmoja haubebi mzigo wote. Uislamu unasimama juu ya Qur'ani kuwa neno la Mwenyezi Mungu, na Mtume Muhammad mwenyewe alikufa na kuzikwa Madina bila jambo hilo kuitikisa imani hata kidogo.

Ukristo peke yake uliweka shingo yake juu ya gogo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kama mwaka 55 kwamba kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Hakusema "hata hivyo tutabaki na maadili mazuri". Alisema kama si kweli, sisi ni mashahidi wa uongo na ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote.

Sisemi kwamba kwa kuwa Ukristo umejiweka hatarini basi ni wa kweli. Nasema hapo ndipo mahali pa kupigania. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu, amani iwe juu yako. Umeandika kwa heshima, nami nitajibu kwa heshima. Sisi Waislamu tunampenda Isa bin Maryam na tunaamini alizaliwa na bikira. Lakini Qur'ani 4:157 iko wazi: hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Mwenyezi Mungu hawezi kumwacha mtume wake adhalilishwe uchi mbele ya makafiri. Halafu huyo Paulo unayemnukuu hakuwahi kukaa na Isa hata siku moja. Unajengaje nyumba juu ya mtu ambaye hakuwepo?

#3 Mchangiaji

Mimi sina dini, kwa hiyo sina wa kumtetea. Mleta mada, kuwa na tarehe si ushahidi. Kitabu cha Mormoni, ambacho Joseph Smith wa Marekani alidai kukitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu, kimetanguliwa na kauli za mashahidi 11 walioandika majina yao kwamba waliyaona mabamba hayo. Hiyo ni karne ya 19, si zamani sana. Unawaamini? Na mwaka 1666 Sabbatai Zevi, aliyetangazwa kuwa Masihi na Wayahudi wengi, aliposilimu mbele ya Sultani, wafuasi wake wengi hawakusema "tumekosea". Walitunga maelezo mapya wakaendelea. Binadamu ndivyo tulivyo. Wanafunzi wa Yesu walivunjika moyo, wakatunga maelezo. Sioni ajabu yoyote.

#4 Mleta mada

Nashukuru sana, hizi ndizo hoja nilizokuwa nazitafuta. Naanza na ustadh wa #2.

Ni kweli Paulo hakutembea na Yesu, na alianza kama mtesi wa Kanisa. Lakini soma Wagalatia sura ya kwanza. Miaka mitatu baada ya kuongoka alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15. Akamwona pia Yakobo, ndugu yake Bwana. Anayaandika haya huku akiapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo, na anayaandika ili kuonyesha jinsi alivyokutana *kidogo* na mitume. Hayo ni maneno ya mtu anayejitetea, wala hayana mapambo. Siku 15 ndani ya nyumba ya mtu aliyekula na Yesu, aliyepanda mashua moja naye, na aliyemkana usiku ule. Unadhani walizungumza habari za hali ya hewa?

Na yale aliyowaandikia Wakorintho hakuyaita yake. Alisema aliwatolea yale aliyoyapokea: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, kisha wale Thenashara. Maneno hayo yana mdundo wa kitu kilichokaririwa. Wataalamu wengi, hata wasioamini, wanakubali kwamba ni ungamo la zamani kuliko barua yenyewe. Kisha anaongeza kuwa Yesu aliwatokea ndugu zaidi ya 500 na kwamba wengi wao bado wako hai.

Kuhusu kusulubiwa, historia haina vita kubwa. Tacitus, mwanahistoria Mrumi aliyewadharau Wakristo, aliandika kama mwaka 116 kwamba Kristo aliuawa enzi za Tiberio kwa mkono wa Pontio Pilato. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anataja kisa hicho pia, ingawa kifungu chake kilitiwa maneno na wanakili Wakristo na ni lazima tuseme hivyo wazi. Bart Ehrman, mtaalamu wa Agano Jipya ambaye aliuacha Ukristo na amevunja hoja nyingi za watu wa upande wangu, hana shaka kwamba Yesu alisulubiwa.

Wafasiri wa Qur'ani nao hawakukubaliana aliyefananishwa ni nani. Al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, amekusanya riwaya mbalimbali: moja inasema wanafunzi wote walifanana naye, nyingine kwamba mmoja alijitolea. Najua jibu lako, ustadh, na ni jibu la haki: Mwenyezi Mungu hahitaji shahidi wa karibu, anajua kilichotokea hata miaka 600 ikipita. Sawa. Ila hapo tumehama kwenye historia. Unakataa msalaba kwa sababu umeshaiamini Qur'ani, hukuiamini Qur'ani baada ya kuuchunguza msalaba. Nami siwezi kukulaumu kwa hilo. Nataka tu tuone wote wawili kwamba njia zinagawanyika hapo.

Lakini hoja yako ya udhalili imenigusa zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo walivyosema Wayahudi na Warumi pia. Kumbukumbu la Torati 21:23 inasema aliyetundikwa mtini amelaaniwa na Mungu. Na kule Roma, kwenye ukuta wa jengo moja la kilima cha Palatino, mtu alikwaruza mchoro unaokadiriwa kuwa wa kama mwaka 200. Nimeitazama picha yake mara nyingi. Kuna mtu ametundikwa msalabani, kichwa chake ni cha punda. Chini amesimama kijana ameinua mkono. Maandishi ya Kigiriki, herufi zimepinda pinda: Alexamenos anamwabudu mungu wake. Huenda aliyekwaruza alikuwa mwenzake kazini, akamwachia dhihaka aione kila akipita. Hatujui huyo Alexamenos alijibu nini. Ninachojua ni kwamba watu wanaotunga dini ili ipendwe hawatungi hii. Paulo mwenyewe alikiri: kwa Wayahudi ni kikwazo, kwa Wayunani ni upuzi.

Sasa mkuu wa #3. Hoja ya Mormoni ni nzito na Wakristo wengi wanaikimbia. Mimi sidhani wale mashahidi walikuwa matapeli wote. Watatu wakuu walifarakana na kanisa lao na bado hawakuukana ushuhuda wao. Kwa hiyo nakubali: unyofu wa shahidi peke yake hautoshi. Yule mhubiri anayesema "nani angekufa kwa ajili ya uongo?" akadhani amemaliza, hajamaliza.

Tofauti ninayoiona ni hii. Wale 11 walikuwa watu wa karibu na Joseph Smith, wengi wa familia mbili, na walikuwa wamekwisha kumwamini. Katika orodha ya Paulo wamo wawili ambao hawakuwa upande huo. Mmoja ni Paulo mwenyewe, aliyekuwa akiwakamata watu. Wa pili ni Yakobo, ndugu yake Yesu. Injili ya Yohana inasema nduguze hawakumwamini, na Marko anasema jamaa zake walitoka kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Jambo la aibu kwa familia, na bado limeandikwa. Kisha huyo Yakobo tunamkuta kiongozi wa Kanisa la Yerusalemu, na Josephus anasimulia alivyouawa kwa kupigwa mawe mwaka 62. Enyi mlio na kaka, jiulizeni wenyewe: ingehitajika nini ili umwite kaka yako Bwana?

Kuhusu Sabbatai Zevi, uko sahihi kwamba binadamu hutunga maelezo. Tazama basi wanatunga ya namna gani. Wafuasi wake walisema kusilimu kwake kuna siri ya kiroho, jambo ambalo hakuna awezaye kulikagua. Wanafunzi wa Yesu walikuwa na maelezo rahisi kama hayo mkononi. Wayahudi walikwisha kuwa na mashahidi waliouawa kwa ajili ya Torati, na waliweza kusema roho zao ziko kwa Mungu na siku ya mwisho watafufuliwa. Hilo lingetosha, wala lisingemkera mtu. Badala yake wakasema kaburi ni tupu na mwili umetembea, tena mtu mmoja peke yake, katikati ya historia, wakati Wayahudi walioamini ufufuo waliutarajia wa wote, mwishoni. Bar Kokhba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, alipouawa mwaka 135, naye aliitwa Masihi na mwalimu mkubwa kama Rabi Akiva, hakuna aliyesema amefufuka. Tumaini juu yake lilizimika.

Na mashahidi wa kwanza wa kaburi ni wanawake. Josephus anasema wazi kuwa ushuhuda wa wanawake usipokelewe. Celsus, mpinzani wa Ukristo wa karne ya 2, alicheka kwamba imani nzima imesimama juu ya mwanamke aliyepagawa. Injili zote nne zimewaacha palepale.

Haya hayamlazimishi mtu. Pinchas Lapide, mwanazuoni Myahudi wa karne iliyopita, alikubali kwamba Yesu alifufuka na bado hakumkubali kuwa Masihi wa Israeli. Mimi naona hoja zinaelekea upande mmoja, na nimeweka maisha yangu upande huo.

#5 Mchangiaji

Mtumishi, Bwana Yesu asifiwe. Nimesoma lakini moyo umeniuma. Unawapa wapinzani silaha! Mara kifungu cha Josephus kimetiwa maneno, mara hoja ya kufa kwa ajili ya uongo haitoshi. Tuna hoja nyingi za nguvu. Waambie dini nyingine zote ni za matendo, ya kwetu peke yake ni ya neema. Waambie Allah ni mungu mwezi wa Waarabu wa zamani. Kompyuta za wanasayansi zimethibitisha siku iliyopotea ya Yoshua, ile jua liliposimama. Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi, alitubu kitandani akikaribia kufa. Mbona huyasemi?

#6 Mleta mada

Milele na milele, ndugu yangu. Siyasemi kwa sababu si kweli, na nitakueleza nilivyojifunza.

Nilipokuwa kijana nilikaa chumba kimoja na rafiki yangu Mwislamu. Usiku mmoja nikamtolea hiyo ya mungu mwezi, nimeikuta kwenye kijitabu, nikaisema kwa kujiamini kabisa. Hakukasirika. Alinyamaza kitambo, akainuka, akavuta kutoka kwenye rafu yake Biblia ya Kiarabu aliyokuwa akiitumia kujifunzia lugha. Akafungua Mwanzo 1:1 na kuweka kidole chini ya neno la tatu, kisha la nne. *Khalaqa Allah.* "Hapo mwanzo Allah aliziumba mbingu na nchi." Akaniuliza taratibu: "Wakristo Waarabu nao wanaabudu mwezi?" Sikuwa na jibu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya hapo kila nililomwambia juu ya Yesu alilipima kwa uongo ule, na alikuwa na haki. Tuliishi pamoja karibu miaka miwili na sikuupata tena mlango ule.

Siku iliyopotea ya Yoshua haikugunduliwa na kompyuta yoyote. Ni hadithi ya mtaani iliyovaa koti la sayansi. Ya Darwin ilikanushwa na watoto wake mwenyewe. Petro wa kwanza 3:15, mstari mama wa kazi hii ya utetezi wa imani, unasema tuwe tayari kumjibu kila mtu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Hofu hiyo kwangu ni pamoja na kuogopa kusema uongo kwa jina la Mungu.

Hili la neema nitakaa nalo, maana ni kubwa na ndilo tunalolisema sana.

Si kweli kwamba neema iko kwetu tu. Japani, Shinran, mwalimu wa Kibuddha aliyefariki mwaka 1263, alifundisha kwamba mtu hawezi kujiokoa kwa juhudi zake, amtegemee Amida Buddha kabisa. Huko India, wafuasi wa Ramanuja, mwalimu wa Kihindu, waligawanyika pande mbili juu ya jambo hilihili. Wamoja walisema wokovu ni kama mtoto wa nyani: mama anambeba lakini mtoto lazima ashikilie. Wengine wakasema ni kama mtoto wa paka: mama anamng'ata shingoni na kumhamisha, yeye hafanyi lolote. Wakristo wangapi wamegombana kwa karne nyingi juu ya nyani na paka bila kujua kwamba wengine nao waligombana! Na Waislamu wana hadithi sahihi, imo kwa Bukhari na kwa Muslim, kwamba hakuna atakayeingia Peponi kwa amali yake. Maswahaba wakauliza, hata wewe, ewe Mtume? Akajibu hata mimi, isipokuwa Mwenyezi Mungu anifunike kwa rehema yake.

Ukimwambia mtu anayeijua hadithi hiyo kwamba dini yake haijui rehema, umemwonyesha kuwa humjui.

Basi tofauti iko wapi? Iko palepale kwa Pilato. Wote wanasema Mungu, au yule aliye juu, anaweza kurehemu. Swali la Ukristo ni: deni limeenda wapi? Hakimu akimsamehe mwizi kwa sababu tu ana moyo mzuri, aliyeibiwa ataona haki imelala. Ukristo unasema Hakimu mwenyewe alishuka akabeba hasara, mchana, nje ya ukuta wa mji, na gharama inajulikana ilipolipwa na lini. Rehema ya wengine inatangazwa; hii inadai kuwa ilitendeka kwenye mwili wa mtu. Ndiyo maana siwezi kuitenganisha na historia. Neema isiyo na tarehe ni wazo zuri, na mawazo mazuri yako kila dini.

#7 Mchangiaji

Mimi wa #2 tena. Nimesoma habari ya rafiki yako, Mwenyezi Mungu akulipe kwa ukweli. Lakini umeruka jambo kubwa. Unasema Hakimu mwenyewe alishuka. Sisi tunasoma kila siku: hakuzaa wala hakuzaliwa. Mungu ana mtoto? Na Utatu huu si uliamuliwa Nikea mwaka 325 kwa amri ya mfalme?

#8 Mleta mada

Ya Nikea naipita haraka. Mtaguso wa 325, yaani mkutano wa maaskofu, ulijadili fundisho la Arius, kasisi aliyesema Mwana aliumbwa, na tarehe ya Pasaka. Haukupigia kura vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 tulivyo navyo tunaikuta kwenye barua ya Athanasius, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Na kwamba Wakristo walimwimbia Kristo "kama mungu" tunaambiwa na Pliny, gavana wa Kirumi aliyekuwa akiwahoji na kuwaua, kama mwaka 112. Zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea.

Sasa "mtoto". Ustadh, kama maana yake ni kwamba Mungu alikuwa na mke akapata mtoto, mimi nakataa pamoja nawe kwa sauti ileile. Kiswahili chetu kinajua kwamba "mwana" ni pana. Mwanasheria hakuzaliwa na sheria. Qur'ani inamwita msafiri *ibnu sabil*, mwana wa njia, na hakuna aliyewahi kuuliza njia ilijifungua lini. Lakini sitaki kujificha nyuma ya neno, kwa sababu kwa Yesu tunadai zaidi ya hapo. Tunadai yeye ni Neno la Mungu, "aliyezaliwa bila kuumbwa", kama Kanuni inavyosema.

Na hapo wewe na mimi tuko karibu kuliko tunavyodhani. Qur'ani 4:171 inamwita Isa neno lake alilompelekea Maryam. Na Waislamu wenyewe waligombana vikali: neno la Mungu limeumbwa au halikuumbwa? Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alianza kuwahoji wanazuoni kwa nguvu wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa. Imamu Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, akachapwa viboko, na Wasunni leo wanamheshimu kwa msimamo ule. Kwa nini alikubali kuchapwa? Kwa sababu aliona Mungu hajawahi kuwa bila neno lake. Basi mnacho kitu ambacho hakikuumbwa, na bado hamsemi kuna miungu wawili. Ninachokuomba ufikirie ni hiki tu: kama neno la milele liliweza kuja kwetu kwa wino na sauti ya msomaji bila kuvunja umoja wa Mungu, je, haliwezekani kuja kwa nyama na damu? Unaweza kusema halikuja hivyo. Kusema *haliwezi* ni kazi ngumu zaidi.

Niongeze jambo moja kuhusu namna ya kubishana. Kama mwaka 781, Patriaki Timotheo wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Mashariki, alikaa na Khalifa al-Mahdi siku mbili wakihojiana. Khalifa ana jeshi, Patriaki ana maneno tu. Alipoulizwa juu ya Muhammad, alijibu kwamba alitembea katika njia ya manabii, akaeleza ni kwa sababu aliwatoa watu kwenye sanamu akawapeleka kwa Mungu mmoja; hata hivyo hakumkiri kuwa mtume. Mwishoni akatoa mfano: lulu imeanguka usiku ndani ya nyumba yenye giza, kila mtu anapapasa. Mmoja ameishika, wengine wameshika kioo au jiwe, na kila mmoja anafurahi akidhani anayo. Kukicha itajulikana. Khalifa akasema basi duniani hapa mwenye lulu hajulikani. Patriaki akamjibu: anajulikana kwa sehemu.

Nimeyapenda maneno hayo, "kwa sehemu", tangu nilipoyasoma.

#9 Mchangiaji

Mimi wa #3. Sijashawishika lakini nimeheshimu. Swali la mwisho, na nataka jibu la ukweli: ni kitu gani kingekufanya uache Ukristo?

#10 Mleta mada

Mifupa.

Kandy, Sri Lanka, kuna hekalu linalotunza jino linaloaminiwa kuwa la Buddha, na waumini wanalisogelea kwa heshima kubwa. Madina mahujaji wanapita mbele ya kaburi la Mtume wakitoa salamu. Masalia hayo hayaziumizi imani zao, yanazitia nguvu. Kwangu ni kinyume.

Mwaka 2007 ilitoka filamu ikidai kwamba kaburi lililofukuliwa Talpiot, Yerusalemu, mwaka 1980, ni la familia ya Yesu, na kwamba moja ya masanduku ya mifupa ni lake. Sitasahau siku zile. Watu waliniambia "wewe amini tu", nami nilijua siwezi kuamini tu. Nilikaa usiku nikisoma kila nilichopata, tumbo limekaza, nikijua kwamba kama hili ni kweli basi Paulo ameshasema la kufanya: imani yangu ni bure, niiweke chini. Wanaakiolojia wengi, wakiwemo Wayahudi wasio na sababu ya kunitetea, waliipinga: Yesu, Yusufu na Mariamu yalikuwa majina ya kawaida mno enzi zile. Nikalala. Lakini usiku ule ulinifundisha kwamba imani yangu ina mlango wa kutokea, na mlango huo Paulo mwenyewe aliuacha wazi makusudi.

Oktoba 2016, ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, wakarabati waliondoa bamba la marumaru linalofunika mahali panapoaminiwa kuwa alilazwa Yesu. Halikuwa limeondolewa kwa karne kadhaa. Chini yake walikuta kifusi. Wakaendelea kuondoa. Chini ya kifusi kulikuwa na bamba jingine, la kijivu, limechongwa msalaba na limepasuka. Chini ya hilo, mwamba wa chokaa uliochongwa kama kitanda. Walikuwa na saa 60 tu, kisha wakafunika tena.